Maswali ya wasomaji: siku ya tatu bila sigara, na hela ya pakiti inakokwenda

Mwezi huu mfuko wa barua ulijaa moshi. Tumechagua barua tisa kuhusu kuacha sigara, tumezifupisha kidogo, na majina ya walioziandika tumeyaacha kama walivyoomba.

*Mimi ni fundi magari. Navuta sigara 12 kwa siku, nanunua mojamoja kwa mangi, 300 kila moja. Mwaka huu nimeacha mara 3. Kila mara naanza Jumatatu, na kila mara Jumatano jioni narudi palepale. Au mimi sina msimamo tu?*
*Fundi, Morogoro*

Fundi, msimamo unao, maana mtu asiye na msimamo hajaribu mara 3 kwa mwaka. Uliyekosana naye ni kalenda. Nikotini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo baada ya siku moja bila kuvuta imebaki kidogo sana, na hapo ubongo ndipo unapoanza kudai. Arosto ya sigara hufika kileleni siku ya 2 na ya 3, kisha hushuka taratibu, na kwa walio wengi kufikia wiki ya 4 imetulia. Wewe ukianza Jumatatu, kilele kinakukuta Jumatano: gereji imejaa, wenzako wamewasha, na mteja anapiga simu kuuliza gari lake kwa mara ya tano.

Hamishia mwanzo Ijumaa. Vuta ya mwisho Ijumaa usiku. Siku ya 2 itakuwa Jumapili, gereji imefungwa, uko nyumbani, unaweza hata kulala. Jumatatu, kama bosi anaelewa, omba kuingia mchana. Ila angalia Ijumaa hiyo isiwe ya mshahara, kwa sababu mshahara una marafiki, marafiki wana bia, na bia ina sigara.

Wiki moja kabla, tembea na kipande cha karatasi na kalamu mfukoni. Kila sigara, kabla hujaiwasha, andika saa, mahali na sababu. Usijizuie, andika tu. Mwisho wa wiki utaona kwamba zile 12 hazifanani. Labda 3 au 4 ndizo mwili unazozidai kweli, hasa ya kwanza baada ya kuamka. Zilizobaki zimening'inia kwenye vitu vingine: chai ya saa 4, kumaliza kazi ngumu, mwenzako kutoa pakiti. Zile za kweli zinahitaji dawa au uvumilivu. Hizi za kuning'inia zinahitaji uondoe msumari. Kama chai ya saa 4 huwa unainywa kwenye benchi la nyuma pamoja na wavutaji, kwa mwezi mmoja nenda ukainywe kwa mama ntilie, umesimama, urudi.

Na kahawa ipunguze kwa nusu, kama ulikuwa unakunywa vikombe 4 kunywa 2. Moshi wa sigara huliamsha ini liichome kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini hupunguza kasi ndani ya siku chache, na kahawa ileile ya jana leo inakaa mwilini karibu mara mbili. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, nawe unasema "hii arosto imenizidi", kumbe nusu yake ni kahawa.

Usijidanganye na kupunguza polepole bila tarehe. Anayetoka 12 akafika 4 huzivuta hizo 4 kwa nguvu mpaka kichungi kinaungua, na nikotini anayopata haipungui kwa kiasi hichohicho. Kila moja inakuwa tamu kuliko zile za zamani.

Hamu yenyewe ikija hudumu kama dakika 3 hadi 5, halafu inapita hata usipovuta. Ifanye mikono yote miwili iwe na kazi: fungua plagi zisafishe, osha breki. Mdomoni weka karafuu, kipande cha mdalasini, karanga au muwa. Kunywa maji. Mangi mwambie mapema, mbele ya watu, asikuuzie wala asikukopeshe. Jua pia yatakayojitokeza ili yasikutishe: kukohoa zaidi wiki za mwanzo (vinyweleo vya njia ya hewa vinaamka na kuanza kufagia), choo kigumu, vidonda vidogo mdomoni, usingizi wa mang'amung'amu. Hapa ndipo wengi husema "mwili umezoea, ukiacha unaumwa" na kurudi. Ni usafi unaendelea. Papai, maji na mboga za majani hutatua la choo.

Kuhusu kuvuta karibu na petroli hatusemi kitu, tunadhani unajua.

*Nilinunua chingamu ya nikotini ya miligramu 2. Naitafuna kama PK lakini koo linachoma, napata kwikwi, na hamu iko tu. Huwa navuta sigara 15, ya kwanza nikiwa bado kitandani. Hizi pesa nimetupa?*
*Karani, Nairobi*

Hujazitupa, ila umetumia kifaa sahihi kwa njia ya kifaa kingine. Nikotini ya chingamu hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukiimeza na mate inaishia tumboni, haikusaidii sana, na njiani inaleta kwikwi na kiungulia. Tafuna polepole, mara 10 au 15, mpaka usikie ladha kama ya pilipili. Simama. Iegeshe kati ya shavu na fizi. Mwasho ukiisha, dakika moja hivi, tafuna tena kidogo na uiegeshe upande mwingine. Chingamu moja hufanya kazi kama nusu saa. Dakika 15 kabla yake na muda wote ukiwa nayo usinywe soda, juisi wala kahawa, kwa sababu uchachu huizuia nikotini kupenya.

Tatizo la pili ni kiwango. Anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka huhitaji miligramu 4. Za 2 ulizonazo zina kazi, lakini usizipe kazi hiyo peke yake. Ongeza plasta ya nikotini ya miligramu 21, ambayo ni ya mtu anayevuta zaidi ya 10 kwa siku. Plasta inatoa nikotini polepole kutwa nzima, na chingamu unaiweka kwa zile hamu za ghafla. Viwili pamoja hufanya vizuri kuliko kimoja. Ratiba ya kawaida ya plasta ni wiki 6 za miligramu 21, wiki 2 za 14, na wiki 2 za 7. Ibandike asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele na isiyopakwa mafuta, juu ya mkono au kifuani, ukandamize kwa kiganja sekunde 10. Kesho ibandike mahali pengine, ngozi isiwashe. Ukiota ndoto za ajabu, itoe unapolala.

Kama utatumia chingamu peke yake, wiki 6 za kwanza usisubiri hamu: moja kila saa 1 hadi 2, kisha wiki 3 moja kila saa 2 hadi 4, kisha wiki 3 moja kila saa 4 hadi 8. Usizidi 15 kwa siku bila kuongea na mfamasia. Kosa tunaloliona zaidi kwa watu wa chingamu ni kutafuna 3 tu kwa siku ili "kuokoa", kuacha wiki ya pili, halafu kutangaza kwamba haifanyi kazi.

Bei zinapishana sana kati ya duka na duka, kwa hiyo uliza matatu au manne. Na unapolinganisha, linganisha na sigara za wiki 10 hadi 12, usilinganishe na pakiti moja. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili, bupropioni na varenikilini. Hivyo viwili huandikwa na daktari, na bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo karibuni, aonane na daktari kabla ya kununua chochote hapa. Chingamu na plasta zilizotumika zifunge kwenye karatasi, mtoto mdogo asizipate, maana nikotini ni sumu kwake.

*Bwanangu ameacha sigara siku ya 9 leo. Namshukuru Mungu, lakini amekuwa mkali hata kijiko kikianguka anafoka. Watoto wamemkimbia. Nimwambie arudie tu?*
*Mama wa watoto watatu, Mombasa*

Usimwambie, dada. Amekwisha pita sehemu mbaya. Hasira hiyo ni arosto, na kwa kawaida inalegea kati ya wiki ya 2 na ya 4. Usimnuse shati, usimuulize "umevuta?", maana swali hilo humpa mtu sababu. Mpe chakula kwa wakati, kwa sababu njaa na hamu ya sigara hufanana kiasi kwamba mwenyewe hawezi kuzitenganisha. Usiku mpunguzie chai ya rangi nzito. Mambo mazito ya pesa na ya wakwe yangoje mwisho wa mwezi. Ila huzuni ikizidi wiki 4, akakosa usingizi kabisa, au akianza kusema maisha hayana maana, hapo si arosto tena. Mpeleke hospitali.

*Niliacha miezi 5 iliyopita, nilikuwa navuta pakiti 1 kwa siku, 5,000. Kila mtu aliniambia nitakuwa na hela. Mbona siioni? Bado nadaiwa 1,200,000 kwenye mkataba wa pikipiki, nalipa 10,000 kila siku ya kazi.*
*Bodaboda, Mwanza*

Hesabu yako ni 5,000 mara siku 150, yaani 750,000. Hela hiyo ipo, ila imeliwa. Ilikuwa inatoka mfukoni 5,000 kila asubuhi ikaenda kwa mangi. Ulipoacha, ikabaki mfukoni, na hela iliyobaki mfukoni kwa bodaboda haina jina: ikawa soda, vocha, chipsi mayai, na labda mkeka wa Jumamosi. Kuacha sigara kunaacha tundu tu kwenye matumizi, na tundu hujazwa na kitu kilicho karibu.

Dawa yake ni kuendelea "kununua pakiti". Saa ileile uliyokuwa unasimama kwa mangi, toa 5,000 na uitie kwenye kitu kisichofunguka. Kibubu cha bati kisicho na mlango kinatosha kwa wiki nzima. Usiitume kwa simu kila siku, maana makato ya kutuma na kutoa yatakula kidogokidogo. Kusanya, halafu Jumapili peleka 35,000 kwa mkupuo.

Upeleke wapi? Kwa hali yako, usifikirie akaunti wala hisa kabla ya mkataba. Kwa 10,000 kwa siku, hiyo 1,200,000 inaisha baada ya siku 120 za kazi. Ukiongeza 5,000 ya sigara inakuwa 15,000, na inaisha kwa siku 80. Siku 40 kabla ya wakati pikipiki ni yako, na kuanzia hapo kile ulichokuwa unampa tajiri kinabaki kwako. Lakini kabla hujaanza, ongea na tajiri wako: je, mkataba unaruhusu kulipa zaidi, na je, kila malipo yanaandikwa? Wapo wenye pikipiki wanaopokea ya ziada wakaihesabu kama "faini ya zamani". Andika kwenye daftari, asaini, au mtumie kwa simu ili ujumbe ubaki. Kama hakubali kulipwa mapema, iweke 35,000 kwenye kikoba chenu au SACCOS kila wiki, uje kumaliza naye kwa mkupuo mmoja. Kitu kimoja tusichokushauri ni kwenda kukopa kwa kuwa sasa "una 150,000 kwa mwezi". Utakuwa umehamisha deni la mapafu ukaliita rejesho.

Sigara ilikuwa pia inakula muda. Sigara 20, dakika 5 kila moja, ni dakika 100 kwa siku umekaa kijiweni. Humo kuna abiria wawili watatu.

Jambo la mwisho: hela ya wiki ya kwanza usiiweke. Nunua kitu kinachoonekana, koti la mvua, au kuku wa nyumbani aliwe na wote. Watu wa nyumbani wakila matunda ya kuacha kwako, watakulinda bila kuombwa.

Yule fundi wa Morogoro naye asome hapa. Sigara 12 za 300 ni 3,600 kwa siku, 108,000 kwa mwezi, 1,314,000 kwa mwaka. Kama pakiti ya sigara zake ni bei hii hii ya 5,000, basi kila sigara ya rejareja anailipia 50 zaidi, 600 kwa siku. Lakini hatumwambii anunue pakiti. Pakiti ikiwa mfukoni, 12 zinakuwa 16.

*Asalaam alaykum. Mchana wa Ramadhani nakaa bila kuvuta wala sihangaiki sana. Ikiadhiniwa tu magharibi, kabla hata ya tende, mkono unatafuta sigara. Je, mwezi huu unaweza kuwa njia ya kuacha moja kwa moja?*
*Mvuvi, Unguja*

Waalaykum salaam. Ndiyo, na wewe tayari unafanya sehemu kubwa ya kazi bila kujua. Funga ya kwetu ni kama saa 13 hadi 14. Kufikia magharibi, hewa ya kaboni monoksaidi iliyokuwa imekalia nafasi ya oksijeni kwenye damu yako imeshuka karibu na kiwango cha mtu asiyevuta, maana hilo huchukua kama saa 12. Kisha sigara ya kwanza inaanza kuirudisha. Kile kizunguzungu unachokisikia ukivuta kabla ya kula, ambacho vijana wanakiita stimu, ni nikotini na kaboni monoksaidi kugonga mwili wenye njaa.

Kwa hiyo vita vyako ni kati ya magharibi na daku, muda wa saa 10 au 11 tu. Vipange. Adhana: tende 3 na maji, kisha msikitini moja kwa moja, sigara na kiberiti visiwe mfukoni. Ukirudi, kula mpaka ushibe kwa utaratibu, uji au supu kwanza. Saa mbaya kuliko zote ni baada ya tarawehe, barazani, kwenye kahawa chungu na kashata. Usiku 10 za mwanzo ruka baraza hiyo, au kaa upande wa wasiovuta, na kahawa iwe kikombe kimoja. Daku usile kwa haraka ukabakiza dakika 10 za "ya mwisho". Hiyo ndiyo inayoiweka hai hamu ya siku nzima.

Chingamu ya nikotini mchana inafunguza, hiyo itumie usiku. Kuhusu plasta, muulize sheikh wako kabla mwezi haujaandama. Na ujue kwamba wengi hawarudii Ramadhani, wanarudia Idd. Siku 30 zimepita, nguo mpya, wageni, mtu anakunyooshea pakiti kwa furaha. Amua kabla utajibu nini na utashika nini mkononi.

*Mimi nimeacha sigara, siku hizi navuta shisha Ijumaa tu, maana moshi unapita kwenye maji. Ni afadhali, sivyo?*
*Msomaji, Dar es Salaam*

Sivyo. Maji yanaupoza moshi, hayauchuji. Shisha ya saa moja inaweza kukuvutisha moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na mkaa juu yake unaongeza kaboni monoksaidi. Zaidi ya hapo, shisha ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwishoni mwa 2017. Wanaohamia ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) nao wajue wamebadili mlango tu, nyumba ni ileile, na saratani ya mdomo imo humo.

*Nina miaka 61, nalima tumbaku Urambo na navuta ya kusokota mwenyewe, kama misokoto 15 kwa siku, tangu ujana. Kwangu ni bure, sinunui. Nina pumu, nimeandikiwa aminofilini. Kikohozi sasa kina mwezi. Kwa umri huu kuacha kutanisaidia nini?*
*Mkulima, Tabora*

Shikamoo mzee wetu. Tuanze na kikohozi, sigara itasubiri siku mbili. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni lazima kipimwe kifua kikuu. Nenda kituo cha afya cha serikali utoe makohozi, kipimo na matibabu ni bure. Mvutaji yuko kwenye hatari ya kifua kikuu kama mara mbili ya asiyevuta. Ukiona damu, au umekonda bila sababu, usingoje mnada upite, nenda leo.

Ukiwa hapo, mwambie daktari kwamba unaacha kuvuta na kwamba unatumia aminofilini. Ni habari ileile ya kahawa tuliyomweleza fundi: ini likiacha kusukumwa na moshi, dawa hiyo inabaki nyingi mwilini, na kipimo cha zamani kinaweza kuwa kikubwa kwako. Kichefuchefu, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ndizo dalili. Usijipunguzie mwenyewe wala usiache, daktari ndiye atakayepanga upya.

Umri si kikwazo. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wa nchi hiyo kwa miaka 50, kuanzia 1951 hadi 2001, na wakaona kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza kama miaka 3 ya kuishi kuliko aliyeendelea. Na kabla ya miaka hiyo kuna mambo ya karibu. Ndani ya miezi 1 hadi 9 kikohozi na kuhema hupungua, na baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hushuka karibu nusu. Kupanda kilima hadi shambani utakuona mwenyewe tofauti.

Kuhusu bure, mzee, tunapingana nawe kwa heshima. Tuseme msokoto mmoja unakula gramu 1. Kwa siku ni gramu 15, kwa mwaka ni karibu kilo 5 na nusu za majani uliyoyapanda, ukayapalilia, ukayakausha kwa kuni zako. Zidisha kwa bei uliyolipwa kwenye mnada wa mwisho, ndipo useme ni bure.

Lako lina ugumu mmoja ambao wa mjini hawana: huwezi kulikwepa duka, duka ni ghala lako. Mpe mtu mwingine ufunguo wa ghala na kazi ya kuchambua majani makavu kwa mwezi wa kwanza. Karatasi za kusokotea zichome. Na wakati wa kuchuma, usiingie shambani majani yakiwa na umande au mvua ukiwa mikono mitupu: nikotini hupenya kwenye ngozi iliyolowa, inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, na unabaki unapokea kidogo kidogo kile unachojaribu kukiacha. Vaa mikono mirefu na glavu, na ubadilishe shati likilowa.

*Naogopa kunenepa. Rafiki yangu aliacha akaongeza kilo 6.*
*Mwalimu, Arusha*

Wengi huongeza kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na wapo wasioongeza hata moja. Nikotini ilikuwa inazuia njaa na kuongeza kasi ya mwili kutumia chakula, sasa breki hiyo imetoka na ladha ya chakula imerudi. Usianze diet mwezi uleule, vita viwili kwa wakati mmoja mwalimu hatavishinda. Badili tu vinavyoingia kati ya milo: tango, karoti na tikiti badala ya biskuti na soda, na tembea nusu saa jioni. Kilo zishughulikie kuanzia mwezi wa tatu.

*Nilikaa siku 41. Jumamosi kwenye harusi ya mdogo wangu nikavuta moja, Jumapili mbili. Leo Jumatatu sijavuta bado. Naanza upya kuhesabu?*
*Mhasibu, Dodoma*

Hesabu ya siku si muhimu kama hesabu ya saa 24 zijazo. Sigara moja ni kuteleza. Mbili za Jumapili ndizo zinazotutia wasiwasi, kwa sababu Jumapili hapakuwa na harusi. Maana yake zilitoka kwenye pakiti uliyonunua au uliyobaki nayo. Iko wapi? Itie maji kabisa, iwe tope, ndipo uitupe, maana iliyotupwa kavu hufukuliwa usiku. Kama ulikuwa unatumia plasta au chingamu na ukaacha kabla ya wiki ya 10, leo hii rudi kwenye kipimo cha mwisho ulichokuwa nacho, usisubiri kwanza uone kama utashindwa. Hela ya pakiti hiyo itoe kwenye matumizi yako ya wiki, usiiguse ile uliyoweka akiba tangu uache. Harusi inayofuata, mwambie mapema mtu mmoja wa meza yako kwamba huvuti, kaa mbali na mlango wa nje ambako wavutaji hutokea, na ukinywa, usizidi mbili. Ukitoka nje kupokea simu, toka na glasi ya maji mkononi.